Big East: ligi ya vyuo iliyopanuka mpaka ikapasuka

Wapenzi wa basketi nchini Congo wanamkumbuka Dikembe Mutombo kwa kile kidole alichokuwa akitikisa kila alipozuia mpira. Kabla ya kucheza Denver na Atlanta, kijana huyo wa Kinshasa alichezea chuo kikuu cha Georgetown, mjini Washington, alikofika mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo, akiwa na nia ya kuwa daktari. Ligi yao inaitwa Big East, yaani Mashariki Kubwa. Historia yake inagusa swali ambalo vyuo vya Marekani vinabishania hadi leo: je, ligi iongeze vyuo vipya, ama ibaki na wale inaowajua?

Ieleweke kwanza kwamba huko vyuo havichezi ligi moja ya taifa. Vinajikusanya kwa makundi, na kila kundi lina ratiba yake, kombe lake na mkataba wake wa televisheni. Big East ilianza mwaka 1979 na vyuo 7 vya kaskazini-mashariki, kazi iliyoongozwa na Dave Gavitt, aliyekuwa kocha wa Providence. Villanova iliingia mwaka 1980, Pittsburgh 1982. Mwaka 1985, kati ya timu 4 zilizofika nusu fainali ya taifa, 3 zilitoka ligi hiyo changa. Villanova ikaifunga Georgetown 66 kwa 64 katika fainali.

Lakini kuna mchezo mwingine unaoleta pesa nyingi zaidi: mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi. Mwaka 1982 chuo cha Penn State, chenye nguvu katika mchezo huo, kiliomba kuingia. Kilikataliwa kwa kukosa kura moja. Wengi bado wanasema hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ni rahisi kusema hivyo leo. Waliopiga kura ya kukataa walikuwa wanalinda ligi ya basketi, na kwa basketi hawakukosea.

Mwaka 1991 ligi ikageuka, ikaanza kukusanya timu za mpira huo, Miami ikiwa ya kwanza. Tangu hapo ndani ya nyumba moja kukawa na familia mbili: vyuo vya mpira, na vyuo vidogo vya Kikatoliki vinavyotegemea basketi. Miami na Virginia Tech ziliondoka 2004, Boston College 2005, zote zikifuata ligi jirani. Ili kuziba pengo, Big East ikaingiza vyuo 5 kwa mara moja, ikafika 16.

Uwanjani matunda yalionekana. Mwaka 2011 timu 11 kati ya 16 ziliitwa kwenye mashindano ya taifa, na Connecticut ikatwaa kombe. Mwaka huohuo Syracuse na Pittsburgh zikatangaza kuondoka. Viongozi wakaendelea kutafuta vyuo mbali zaidi: TCU ya Texas, Boise State ya Idaho, San Diego State ya California. Mashariki gani hiyo inayofika bahari ya magharibi? Hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu kilichocheza mechi katika ligi hiyo.

Desemba 2012 vyuo 7 vya Kikatoliki, Georgetown ikiwemo, vilichoka. Mwaka 2013 vilijitenga, vikabaki na jina la Big East na haki ya kuchezea kombe lao Madison Square Garden, New York. Viliongeza vitatu tu: Butler, Creighton na Xavier. Villanova ikawa bingwa wa taifa mwaka 2016 na 2018.

Connecticut, iliyobaki upande wa mpira, iliomba kurudi, ikapokelewa mwaka 2020. Timu yake ya mpira ikakosa ligi, lakini ile ya basketi ya wanaume ilishinda kombe la taifa 2023 na 2024.

Sasa kuna wanaotaka chuo cha 12. Hesabu ni hii: kwa vyuo 11, kila timu inakutana na kila nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini, mechi 20. Wakati wa vyuo 16 mechi zilikuwa 18, na wapinzani wengi walionana mara moja tu kwa msimu.