Ada, Kodi na Chuo cha Maalimu katika Uzaramo

Mwaka 1925, misheni ya Kiingereza ilipokihamisha chuo chake kutoka Kiungani, Unguja, na kukisimamisha Minaki katika vilima vya Kisarawe, vijana walikijia kutoka majimbo ya mbali, ilhali watoto wa Kizaramo, ambao mihogo ya wazee wao iliota karibu na majengo yale, wengi wao hawakupata kuvuka kizingiti chake.

Husemwa kwamba kizuizi kilikuwa dini, na si uongo, maana mzazi Mwislamu alihofu mwanawe asije akabatizwa; walakini nionavyo mimi, hofu hiyo imebebeshwa lawama kupita kadiri yake, na ufukara ukasamehewa. Tangu Wadachi walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, fedha taslimu, ambayo zamani watu waliipata kwa kuchimba sandarusi, haikukaa tena nyumbani. Na shule za zama za Waingereza, hasa madarasa ya juu, zilidai ada kwa shilingi, zikadai na saa za asubuhi, ambazo ndizo mtoto alihitajiwa dunguni kuwafukuza ndege waliovamia mpunga. Chuo cha maalimu, yaani chuo cha Kurani, hakikuwa hivyo: mzazi aliyekosa fedha alileta nazi au kuku, mtoto akamlimia mwalimu wake, akamchotea maji na kumtafutia kuni, na msimu wa mavuno masomo yakasubiri. Maskini alikwenda kule alikoweza kulipa. (Kwa binti habari ilikuwa nyingine, kwani akivunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, na hesabu ya ada haikumfikia.)

Mwaka 1963 Tanganyika ilipatana na Denmaki, Norwe, Uswidi, Ufini na Aislandi kujenga Kibaha kituo chenye shule ya sekondari, tiba na mafunzo ya wakulima, ambacho serikali ilikabidhiwa mwaka 1970. Na kwa kuwa ada ya sekondari ilikwisha kufutwa mwaka 1964, mtoto wa Mlandizi aliyefaulu angeingia bila ya kulipa. Aliyefaulu! Maana mtihani ulikuwa wa nchi nzima, na mwana wa mchoma makaa alishindana na wana wa makarani, naye akisomea kibatari, mafuta yakiwapo.

Ada ya msingi ilifutwa mwaka 1973, ikarejea kwa jina la mchango katika miaka ya 1980, ikafutwa tena mwaka 2001. Ya sekondari, iliyokuwa nayo imerejeshwa, ikafutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016. Sare na daftari, hata hivyo, mzazi aliendelea kuvinunua, na katika vijiji vya Kisarawe, ambako makaa ndiyo fedha ya haraka, mtoto asiyeonekana darasani pengine alikuwa porini, penye tanuri, akitafuta bei ya daftari hizo hizo.