Pikipiki ya Babu na rangi zake tatu

Majuma mawili yaliyopita niliahidi kuzungumzia njia ya zamani ya misafara, ile iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikaingia hapa kwetu Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji. Leo natimiza ahadi. Ila msikilizaji, na wewe msomaji wa ukurasa huu, mtaniwia radhi, kwa maana nitaanzia uani kwangu Isevya, penye pikipiki kuukuu ambayo kwa miezi kadhaa ilikuwa imevuliwa kila kitu na kubaki fremu juu ya magogo mawili.

Pikipiki hiyo ni BSA Bantam, mali ya Babu mzaa mama. Babu alikuwa bwana nyuki. Aliinunua mwaka 1959 kwa bwana shamba mmoja wa Urambo aliyekuwa akirejea kwao Uingereza, na kwa miaka zaidi ya ishirini aliipanda kwenda Sikonge, Ipole hadi Inyonga kukagua mizinga. Mtaani waliiita Jogoo, kwa sababu tangini palikuwa na picha ya jogoo. Na kweli Bantam ni jina la kuku wadogo wenye ugomvi mwingi kuliko umbo lao. Miaka ya mwanzo ya 1980, petroli ilipokuwa ya kupangia foleni, Babu aliifunika gunia akaiweka stoo. Hakuiwasha tena hadi alipofariki.

Mwaka jana, mvua zilipokatika, niliitoa nje. Panya walikuwa wamezaa ndani ya kiti. Fundi wangu wa Ng'ambo, ambaye kazi yake ya kila siku ni Boxer na SanLG za vijana wa bodaboda, aliizunguka mara mbili bila kusema neno. Kisha akamimina oili kidogo kwenye tundu la plagi, akaiacha usiku kucha, na asubuhi kiki ikashuka. “Mzee huyu hajafa,” akasema, “amesinzia tu.”

Mgogoro ulianza tulipofika kwenye rangi. Nilipopiga msasa ubavu wa tangi, rangi ya juu ilikuwa bluu, ile rangi ya mafuta ya kupakia milango, na michirizi ya brashi ikionekana wazi. Chini ya bluu ikatokea kijivu, rangi ya yule bwana shamba. Chini ya kijivu ikatokea kijani hafifu, kama ukungu wa asubuhi juu ya majani, pamoja na kipande cha rangi ya krimu. Nilifurahi mno! Hiyo ndiyo rangi ambayo Bantam za kwanza zilitoka nayo kiwandani kuanzia mwaka 1948. Nikatangaza nyumbani kwamba pikipiki itarudishiwa rangi yake ya asili.

Mwanangu alitaka nyekundu na nyeusi, na stika za miali ya moto. Huyo nilimnyamazisha kwa urahisi. Mama hakunyamazishika. Alikuja kutoka Kanyenye, akakaa kwenye kigoda, akanitazama nikikwangua.

“Hiyo kijani ni ya kiwandani,” akasema. “Bluu ni ya baba yangu. Aliipaka wiki ya Uhuru, mlango wa nyumba na pikipiki siku moja, na mimi ndiye niliyeshika kopo. Wewe unataka kumrudishia nani hiyo pikipiki?”

Desemba 1961 Mama alikuwa na miaka saba. Sikuwa na jibu. Niliweka msasa chini, na kwa majuma kadhaa nikawa nasoma badala ya kukwangua, nikitafuta ushahidi kwamba mimi ndiye mwenye haki. Nilichokipata hakikunisaidia hata kidogo.

BSA ni kifupisho cha Birmingham Small Arms, kampuni ya silaha iliyoanzishwa mwaka 1861, na nembo yake ni bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja. Birmingham ni mji huohuo uliofua bunduki nyingi zilizouzwa Afrika katika karne ya 19, enzi ambazo Mirambo na rugaruga wake waliweza kuifunga njia ya Ujiji, hata Stanley mwaka 1871 akalazimika kuzungukia kusini. Kutoka bunduki BSA iliingia kwenye baiskeli, kisha pikipiki. Lakini Bantam yenyewe haikubuniwa Birmingham. Ilibuniwa Zschopau, Ujerumani, katika kiwanda cha DKW, kwa jina la RT 125. Ujerumani iliposhindwa mwaka 1945, michoro ya pikipiki hiyo ilichukuliwa kuwa sehemu ya fidia ya vita. Waingereza waliigeuza kama mtu anayejitazama kwenye kioo, ili gia ikae mguu wa kulia kama walivyozoea wao, wakaipa jina la kuku na kuipaka kijani. Warusi nao wakatengeneza ya kwao. Kadhalika Harley-Davidson wa Marekani. Hata pikipiki ya kwanza ya Yamaha, ya mwaka 1955, ilifuata mfano huohuo.

Mtu wa Tabora hana haki ya kulishangaa jambo hilo. Nchi yetu nayo ilichukuliwa kwa Mjerumani baada ya vita akapewa Mwingereza, naye akaanza kuipaka rangi yake. Na mji huu una matabaka kuliko tangi la Babu. Burton na Speke walipofika mwezi Novemba 1857, baada ya safari ya siku 134 kutoka pwani, waliwakuta hapa, mahali palipoitwa Kazeh, wafanyabiashara Waarabu na nyumba zao za tembe. Juu ya hilo likaja tabaka la Wajerumani, waliomshinda Mtemi Isike mwaka 1893 na kuifikisha reli hapa mwaka 1912. Wabelgiji kutoka Kongo waliuteka mji Septemba 1916, kisha Waingereza wakaurithi.

Nisimame kidogo kwenye mwaka huo wa 1916, kwa sababu ndio ulionifanya nimheshimu zaidi fundi wangu. Wajerumani walikuwa wamezingirwa baharini na fedha za sarafu zimewaishia. Basi katika karakana ya reli, hapahapa Tabora, zikafuliwa sarafu: za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, na za heller 20 zilizotengenezwa kwa shaba, yakiwemo maganda ya risasi za mizinga. Sarafu hizo za dhahabu leo wakusanyaji wanazigombania Ulaya kwa bei ya kutisha. Kwa hiyo kijana wa Ng'ambo anapochonga bushi ya Bantam kutoka kwenye bomba la maji lililotupwa, msimcheke. Mji huu umewahi kufua hela kwa chakavu.

Sasa, ukitaka kuirudisha Tabora kwenye asili yake, utasimama kwenye tabaka lipi? Nenda Kwihara, kilometa chache kutoka mjini, ukaone. Liko tembe lililokarabatiwa vizuri, kuta zake nyekundu, mlango wa nakshi, nalo linaitwa la Livingstone. Sina ugomvi na Livingstone. Alikaa pale mwaka 1872 kwa miezi sita hivi, akingojea wapagazi. Mwaka uliofuata alifariki kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na Chuma na Susi pamoja na wenzao wakaubeba mwili wake kwa miguu, wakapita hapa Unyanyembe mwezi Oktoba, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Mgeni wa miezi sita amepata nyumba na jina. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita na kurudi kwa miaka mingi, kila mmoja na mzigo wa kilo kama 30 begani, wameachiwa miembe. Mwaka 2006 njia yao iliingizwa katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, na Kwihara imo. Ni jambo jema, lakini orodha haimwagilii mti. Mwembe mmoja wa namna hiyo uko mwisho wa barabara yetu, na wazee wanasema misafara ilitua chini yake. Kila mwaka unakatwa tawi moja la kuni.

Hapo ndipo nilipokubali kwamba Mama alikuwa na haki. Kijani ilikuwa rangi ya Birmingham, na Birmingham ina makumbusho yake. Bluu ilikuwa rangi pekee kwenye tangi lile iliyochaguliwa na mtu wa hapa.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Tangi lilikuwa na tundu. Kabla ya kulehemu fundi alilijaza maji hadi karibu na tundu lenyewe, kwa sababu tangi tupu lenye mvuke wa petroli ni bomu, hata likiwa limekaa miaka. Kutu ya ndani tuliitoa kwa kutikisa changarawe na siki hadi mikono ikafa ganzi. Kisha mimi, kwa kujitia ujuzi, nikapuliza rangi ya gari juu ya mabaki ya ile rangi ya mafuta. Haikupita muda ikajikunja kama utando wa maziwa. Nikakwangua upya mpaka bati, nikapaka praima, nikasugua kwa msasa wa maji, nikarudia. Rangi ya bluu niliichanganyisha dukani kwa kupeleka gamba nililobandua kwenye mlango wa nyumba ya Babu. Tulipuliza alfajiri, baada ya kumwagia ua maji ili vumbi la Tabora lilale, na kumaliza kabla upepo haujaamka. Mwisho nikaing'arisha kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa na tapentaini, maana ya bwana nyuki haiwezi kung'arishwa kwa kitu kingine. Chini ya ncha ya kiti, mahali pasipoonekana, niliacha kipande cha ukubwa wa sarafu chenye rangi zote tatu.

Jumapili iliyopita tuliiwasha. Ilikataa mara nne. Ya tano ikakohoa, ikatoa moshi mzito wa petroli na oili, kuku wa jirani wakatawanyika, na Jogoo akaanza kuwika. Mama aliweka kiganja juu ya tangi, akakitazama kama kimeshika rangi. Hakikushika. Akapanda nyuma, akajifunga kanga vizuri, akasema nimpeleke Kwihara.

Nikamwambia pikipiki haina bima.

“Basi nipeleke mpaka kwenye mwembe,” akasema.