Protini ya Damu na Malale ya Mpakani

Sikuda, iliyoko upande wa Uganda wa mpaka na Kenya, karibu na Busia na Tororo, imo katika ukanda uliokumbwa na malale mara kwa mara tangu mlipuko wa 1900 hadi 1920, ambao uliua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria. Swali lililowasumbua watafiti wa ukanda huo ni kwa nini vimelea viitwavyo tripanosoma, vinavyoenezwa na mbung'o, humwangusha ng'ombe kwa nagana huku vingi kati ya hivyo vikishindwa kabisa kuishi ndani ya mwili wa mchungaji wake.

Mwaka 1902 Alphonse Laveran, akiwa Ufaransa, alibaini kwamba majimaji ya damu ya binadamu huviangamiza vimelea vya nagana katika panya, lakini sababu haikujulikana, na chini ya darubini baadhi ya vimelea vya ng'ombe na vile vya malale havitofautiani hata kidogo. Kipimo cha uhakika kilikuwa mwili wa mtu. Mwaka 1958 ilitangazwa kwamba vimelea vilivyotolewa katika pongo wa Nyanza, upande wa Kenya, vilimwambukiza mtu aliyejitolea kudungwa. Kisha malale yalipozuka Alego, hukohuko Nyanza, miaka ya 1960, ambako mbung'o walikuwa wameacha kingo za maji na kujificha katika vichaka vya lantana vilivyozunguka maboma, R. J. Onyango na wenzake wa shirika la utafiti la Afrika Mashariki lililokuwa na maabara Tororo walithibitisha mwaka 1966, kwa njia hiyohiyo, kwamba ng'ombe wa kufugwa huhifadhi maradhi ya binadamu. Utaratibu huo usingeruhusiwa leo, ingawa bila huo ng'ombe angeendelea kuonekana hana hatia. Mwaka 1970 Rickman na Robson walimpunguzia mwanadamu mzigo huo: vimelea vilichanganywa na damu ya mtu, vikaachwa kwa saa kadhaa katika joto la mwili, kisha vikadungwa panya, na panya akiugua ilijulikana kwamba vimehimili damu hiyo.

Kilichoua vimelea dhaifu kilitambuliwa polepole. Mwaka 1978 Mary Rifkin aliihusisha nguvu hiyo na chembe zinazobeba mafuta katika damu, na mwaka 2003 kundi la Etienne Pays la Brussels likaitaja protini yenyewe, apolipoprotini L1, mojawapo ya protini zinazoshikamana na mafuta ili yasafiri katika damu. Kimelea huimeza kama chakula, nayo hutoboa utando wake wa ndani hadi kikavimba na kupasuka. Binadamu, gorila na baadhi ya nyani wanayo; ng'ombe hana. Vimelea vya malale ya Afrika Mashariki vina jeni iitwayo SRA, ambayo kundi hilohilo lilionyesha mwaka 1998 kuwa ndiyo kinga yao, kwa kuwa protini yake huikamata apolipoprotini hiyo na kuizima.

Jeni hiyo ndiyo iliyotumiwa mwaka 2001 kuwatambua, bila kumdunga mtu yeyote, ng'ombe wenye malale ya binadamu huko Soroti, ambako ugonjwa ulikuwa umefika pamoja na mifugo iliyouzwa mnadani kutoka maeneo ya kusini. Aina mbili za apolipoprotini L1 zinazoweza kuvishinda vimelea vyenye SRA zilielezwa mwaka 2010, nazo huongeza hatari ya maradhi ya figo. Ila zimeenea zaidi Afrika Magharibi, ambako vimelea hivyo havipo.