Wazee wa Nganyi na Mvua ya Bunyore

Kwetu Bunyore, shamba ni kipande tu nyuma ya nyumba. Sensa ya 2019 ilikuta kaunti yetu ya Vihiga, nchini Kenya, ina watu zaidi ya 1,000 katika kila kilomita ya mraba. Ukipanda mahindi kwa mvua ya kudanganya ya Februari, yakakauka, huna shamba la pili la kukuokoa wala hela ya mbegu nyingine. Ndiyo maana msimu ulipokaribia, akina mama waliulizana kisimani: wazee wa Nganyi wamesemaje?

Wazee wa Nganyi, ukoo wa watabiri wa mvua, hawakubahatisha. Katika misitu yao midogo ya matambiko, ambamo ni mwiko kukata mti, waliangalia mti upi umepukutisha majani na upi umechanua, nyuki na siafu wanaelekea wapi, vyura wanaliaje, upepo umegeukia upande gani. Walikuwa pia na chungu cha dawa za miti kilichozikwa ardhini, mzee akapuliza ndani yake kwa mwanzi. Mtoto wa ukoo alijifunza haya kwa kufuatana na wakubwa wake, mwaka baada ya mwaka.

Wamisionari walifika Kima, hapa Bunyore, mwaka 1905 na kuyaita mambo hayo ya shetani. Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya kupiga marufuku uchawi, na mzee wa mvua akaishi akiihofia. Watu hawakuacha kwenda kwake, ila walipita njia za nyuma jioni, na Jumapili wakakaa kanisani kimya. Usiri huo ulitugharimu sana: hakuna aliyeweka daftari la yaliyotabiriwa na yaliyotokea.

Mwaka 2008 hivi, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, kituo cha tabianchi cha ICPAC cha Nairobi na watafiti wa vyuo vikuu waliketi na wazee hao. Wazee nao walikuwa na shida yao, maana miti ilianza kuchanua nje ya majira. Kabla ya msimu kila upande ulileta utabiri wake, wakajadiliana hadi wakapata tamko moja. Wanasayansi walifuatilia joto la Bahari ya Hindi na Pasifiki, na El Nino wangeiona ikiwa bado mbali. Wazee walijua mvua inavyoanza kwenye vilima vya Emuhaya. Tamko lilisomwa barazani na kwenye redio ya jamii kwa Kinyore. Likisema mvua haba, mama aliongeza mtama na viazi vitamu. Likisema mvua kubwa, alichimba mitaro mapema kabla udongo wa mteremko haujaondoka na mbolea yake.

Ili tusirudie kosa la kutoandika, sasa ninaiomba kaunti iipime misitu ile ya matambiko, iiwekee mipaka, na iandike jina la kila mti pamoja na dalili yake, wazee wakiwapo kusahihisha.