Madawati ya Kanamkemer na Kakuma: nani alifika lini

Jomo Kenyatta alipotolewa gereza la Lokitaung mwaka 1959 na kuwekwa kizuizini Lodwar, Turkana ilikuwa bado wilaya iliyofungwa. Mtu wa Nyeri au Kisumu hakuingia bila kibali. Wageni walikuwa maofisa, askari na wenye maduka. Shule zilikuwa za kuhesabika, na wazazi wengi hawakuona sababu ya kumtoa mtoto kwenye mbuzi akakae ndani akichora chora.

Njaa ndiyo iliyofungua mlango. Ukame wa 1960 na 1961 ulimaliza mifugo, kambi za chakula zikaanzishwa, na mwaka 1961 wamisionari wa Mtakatifu Patrick kutoka Ireland wakaruhusiwa kuingia. Shule nyingi zilianza hivyo, kando ya misheni, palipokuwa na maji na kitu cha kutia tumboni. Mpango wa Chakula Duniani ulipoanza kulisha wanafunzi nchini mwaka 1980, mambo hayakubadilika: sufuria ya maharage ilijaza darasa kuliko hotuba za chifu.

Mitaa ya pembeni mwa Lodwar kama Kanamkemer imepokea familia nyingi za wafugaji walioishiwa. Daftari la mahudhurio la huko husomeka hivi: Ekiru, Lokiru, Ewoi, Akiru, Nakiru. Akiru ni mvua, hivyo ungedhani nusu ya darasa walizaliwa mvua ikinyesha, na hii ni nchi kame! Hapa na pale atatokea Wanjala, ambaye baba yake ni mwalimu aliyetoka Bungoma, au Abdi wa dukani.

Mtu wa Nairobi ataangalia daftari hilo aseme ni shule ya kabila moja. Haraka hiyo inampotosha. Waturkana wana makundi yao, Ngikwatela, Ngisonyoka, Ngikamatak na mengine, kila moja na malisho yake. Watoto ambao babu zao walikutana kisimani tu, wakati mwingine kwa ugomvi, leo wanabanana dawati moja. Elimu ya bure ya mwaka 2003 iliwaongeza. Mafuta yaliyogunduliwa kwenye kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012 na ugatuzi wa 2013 vikaleta wafanyakazi wa kaunti na wafanyabiashara kutoka kusini, ambako wenyeji hadi leo hukuita “Kenya”.

Kilomita 120 hivi kaskazini magharibi, hadithi ni nyingine kabisa. Mwaka 1992 walifika Kakuma maelfu ya wavulana wa kusini mwa Sudan, wengi wao Wadinka, waliokuwa wamefukuzwa na vita kutoka kambi za Ethiopia. Nyuma yao wakaja Waethiopia na Wasomali, kisha Wakongo na Warundi. Mwaka 2002 Wabantu wa Somalia waliletwa kutoka Dadaab wakisubiri kwenda Marekani. Wakimbizi wamepita laki mbili, na mtoto wa Kiturkana anayesoma shule ya kambini ni miongoni mwa wachache katika ardhi ya babu yake. Manung'uniko ya wenyeji kwamba mgeni anahudumiwa kuliko wao yalichangia kuanzishwa kwa makazi ya Kalobeyei, yaliyokusudiwa tangu mwanzo wenyeji na wakimbizi watumie shule na zahanati zilezile.

Tofauti hiyo huonekana kwenye swali la lugha ya kufundishia. Sera ya Kenya, tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, inataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, na penye mchanganyiko, Kiswahili. Kanamkemer jibu ni rahisi: Ng'aturkana, lugha ya Waturkana. Kakuma mwalimu ana Kidinka, Kisomali, Kiswahili cha Kongo na Ng'aturkana mbele yake, na vitabu vya Kiingereza mkononi.

Historia hii haijaandikwa vya kutosha, na sehemu kubwa yake imo katika vitabu vya uandikishaji vilivyosahaulika makabatini. Walimu wakuu wa Turkana, kabla mchwa hawajavimaliza, vipelekeni kwenye hifadhi ya nyaraka ya kaunti.