Wimbo, Nguo na Habari Katika Pwani ya Cabo Delgado

Mwaka 1980, mjini London, mwandishi wa habari za muziki aitwaye Nick Logan, ambaye hapo awali alikuwa mhariri wa gazeti la New Musical Express, alitoa kwa akiba yake mwenyewe jarida lililoitwa The Face. Muziki ulikuwa mlango tu wa kuingilia. Ndani ya nyumba msomaji alikuta mavazi, mitindo ya nywele na desturi za vijana ambao magazeti makubwa hayakuwataja ila kwa kuwalaumu. Wanaoandika historia ya magazeti hulihesabu tendo hilo kuwa jambo jipya, na pengine kwa Ulaya lilikuwa jipya. Walakini mwalimu wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa sana. Safari ya kutoka kwenye wimbo hadi kwenye nguo, na kutoka kwenye nguo hadi kwenye maandishi, ilikwisha kusafiriwa katika pwani yetu zamani, tena na wanawake wasiokuwa na mtambo wa kupigia chapa.

Nakusudia kuitazama safari hiyo katika upande ambao vitabu vyetu vya shule huusahau, yaani pwani ya kaskazini ya Msumbiji, tangu Ibo na visiwa vya Kirimba hadi Mocímboa da Praia, Palma na mdomo wa mto Ruvuma. Huko husemwa Kimwani, Kimakwe, Kimakua na Kimakonde, na Kiswahili hupatikana kwa wingi kadiri mtu anavyokaribia mto.

Nguo katika pwani hiyo ni fahari ya kale kuliko utawala wa Mreno. Wareno wa karne ya 16 walivikuta visiwa vya Kirimba vikisifika kwa nguo zilizofumwa huko huko na kutiwa nili, hata katika maandishi yao wakaviita visiwa hivyo kwa jina la nguo zenyewe, Maluane. Mvaaji wa pwani alijulikana kwa vazi lake kabla hajafungua kinywa. Nao Wareno, bila ya kukusudia, walitupa neno moja ambalo lingali hai: lenço, yaani kitambaa cha mkononi, ndilo lililozaa leso. Inasimuliwa kwamba wanawake wa Unguja na Mombasa, katika nusu ya pili ya karne ya 19, walinunua vitambaa hivyo sita sita, wakavishona viwe shuka moja, na kutokana na mshono huo ukatokea mtindo wa kanga. Wakati huo mtumwa alijulikana kwa merikani yake na kaniki yake. Utumwa ulipoondolewa nguvu ya sheria Unguja mwaka 1897, waliokuwa watumwa waliziacha nguo hizo upesi sana, wakavaa nguo za rangi. Atakayesema kwamba mavazi ni upuuzi wa wanawake na ayatafakari hayo kwanza.

Mwaka 1887 ulileta mambo mawili ambayo sijaona yakiwekwa pamoja. Mwaka huo duka la Kaderdina Hajee Essak lilianzishwa Mombasa, duka ambalo kanga zake zilikuja kujulikana pwani nzima kwa alama ya Mali ya Abdulla. Mwaka huo huo Wareno waliiteka ghuba ya Tungi, karibu na Palma ya leo, wakaiondoa mikononi mwa Sultani wa Unguja. Hivyo basi, kanga ilipokuwa ikianza safari yake, mpaka nao ulikuwa ukichorwa. Mpaka haukuizuia kanga. Ulichozuia ni karatasi. Kabla ya hapo masheha na wakubwa wa pwani ya Cabo Delgado waliandikiana na Wareno wenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na barua nyingi za namna hiyo zimehifadhiwa Maputo. Utawala ulipokwisha kukaza kamba, Kireno kikawa ndicho lugha ya ofisi na ya shule. Tanganyika ilipata Mambo Leo mwaka 1923. Kusini ya Ruvuma msomaji wa Kiswahili hakupewa gazeti lake la namna hiyo.

Habari basi zilipita wapi? Zilipita ngomani. Chini ya Kampuni ya Niassa, iliyotawala nchi ile hadi mwaka 1929, kodi na kazi za shuruti ziliwavusha watu wengi mto kwenda kutafuta kazi Tanganyika, wengine katika mashamba ya mkonge. Huko walikutana na beni, ngoma ya Marini na Arinoti, ambayo wachezaji wake walivaa sare, wakajipa vyeo, na kushindana kwa nyimbo za kuchekesha na za kuumbua. Huko Unguja, Siti binti Saad, aliyerekodi santuri zake za kwanza Bombay mwaka 1928, aliimba hata kesi na mauaji yaliyotokea mjini. Mimi humhesabu Siti kuwa mwandishi wa habari, na sioni sababu ya kumwondolea cheo hicho kwa kuwa hakushika kalamu.

Katika Cabo Delgado na pwani iliyo kusini yake, kazi hiyo ilishikwa na tufo. Jina lenyewe latokana na dufu. Ngoma hii ilikua pamoja na maulidi na twarika zilizofika Msumbiji mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kwanza ilikuwa ya wanaume. Baadaye wanawake waliishika, wakaifanya yao kabisa. Hukaa au kupiga magoti kwa safu, mabega na mikono ikienda pamoja, nyuso zimepakwa msiro, ambao ni ubao uliosagwa juu ya jiwe kwa maji. Kiongozi wao huitwa rainha, yaani malkia. Nyimbo za dini zipo, lakini zipo pia za uhuru wa mwaka 1975, za uchaguzi, za maradhi, na za mume asiyetulia nyumbani.

Hapa ndipo wimbo hugeuka nguo. Kikundi cha tufo huvaa sare: kapulana moja, blauzi moja, kitambaa kimoja cha kichwa. Likija tukio kubwa, au wimbo mpya, aghalabu hununuliwa sare mpya, kila mwanachama akitoa fedha zake. Baadaye kapulana ile huvaliwa sokoni na kisimani, na aliyeusikia wimbo huukumbuka kwa kuiona nguo. Zamani, tena, kapulana mpya ziliingia madukani na kupewa majina ya mambo yaliyotokea mwaka ule. Lakini kwa kawaida kapulana haina maandishi, isipokuwa zile za ukumbusho, kama zitolewazo kwa siku ya wanawake tarehe 7 Aprili, siku aliyofariki Josina Machel jijini Dar es Salaam mwaka 1971. Kanga, kinyume chake, ina jina lake; hapo zamani liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa za Kirumi. Kila doti iliyovuka Ruvuma ilipeleka mstari mmoja wa Kiswahili kwa mtu ambaye shule haikumpa hata mmoja. Ni maandishi mafupi, ndiyo. Lakini yalisomwa, yakajadiliwa, na kumchoma aliyekusudiwa kuchomwa.

Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, vita vilipoanza Mocímboa da Praia, habari hii imekuwa nzito zaidi. Mji huo ulitekwa Agosti 2020, ukakombolewa mwaka uliofuata. Palma ilishambuliwa Machi 2021. Mamia ya maelfu ya watu walihama, wengi wakielekea Pemba kwa miguu na kwa majahazi. Vikundi vya ngoma havihami pamoja. Rainha huwa katika kambi moja, wapiga dufu katika nyingine, na wimbo uliohitaji sauti za kuitikiana haupati wa kuuitikia. Mwalimu aliyeko Mtwara au Pemba akimwona mama mhamiaji amejifunga kapulana, na amwulize iliimbiwa nini, kisha aandike jibu pamoja na mwaka. Kanga yaweza kusomwa na mjukuu asiyemjua mwenyewe. Kapulana ya tufo haisomeki ila mvaaji wake awepo aseme.