Utambi Ulitoka Kwenye Nguo Gani?

Vitabu vyetu vya historia vina nafasi ya misafara ya pembe, ya Wajerumani, ya Uhuru na ya Azimio la Arusha. Nafasi ya utambi hamna. Lakini sisi tuliozaliwa Mbulu na Hanang kabla waya wa umeme haujafika vijijini, tulisoma a-e-i-o-u kwa mwanga wa kijitambaa kilicholowa mafuta ya taa. Nimejiuliza siku nyingi: kitambaa kile kilitoka wapi? Jibu limenifundisha zaidi ya nilivyotegemea. Ukifuata utambi, unafika kwenye nguo. Ukifuata nguo, unafika kwa mama aliyeichana.

Tuanze na kazi yenyewe. Utambi hauungui kwa ajili ya kuungua. Kazi yake ni kupandisha mafuta. Kati ya nyuzi kuna vijinjia vyembamba, na mafuta hujivuta humo yenyewe mpaka juu, ambako moto unayageuza mvuke na kuula ule mvuke. Mafuta yakipanda sawasawa, utambi unadumu. Yakichelewa, moto unageuka na kuanza kuula uzi wenyewe: masizi, harufu, na asubuhi pua nyeusi tii! Kwa hiyo anayechagua utambi anauliza maswali mawili tu. Je, unakunywa? Na je, unavumilia moto?

Bibi yangu hakusoma fizikia, lakini maswali hayo aliyajua kuliko mwalimu wetu. Kamba ya katani aliikataa: ngumu, hainywi vizuri. Sufi ilinyonyoka na kuanguka ndani ya kopo. Sufu, yaani manyoya ya kondoo, ilinuka kama nywele zilizoungua, na ile grisi yake ya asili ilizuia mafuta kupenya. Pamba ndiyo ilikuwa mfalme. Tena si pamba mpya! Alitaka khanga iliyofuliwa miaka, iliyolegea, iliyokwisha kutoa dawa yote ya kiwandani. Aliichana mwembamba, akaisokota bila kukaza (ukikaza sana unaziba njia), akaipitisha kwenye mrija wa bati wa kibatari. Akaacha ichomoze kidogo tu, maana ikichomoza sana inatoa moshi kama treni.

Sasa turudi nyuma. Wairaqw wa zamani, katika tembe zao zilizochimbwa ubavuni mwa mlima, walipata mwanga wa usiku kutoka motoni, jikoni. Nguo ilikuwa ngozi. Na ngozi, bwana, huwezi kuisokota utambi! Pwani mambo yalikuwa mengine: huko kulikuwa na mafuta ya nazi na ya ufuta, na kulikuwa na pamba. Mwaka 1833 Marekani ilitiliana mkataba wa biashara na Sayyid Said, na mwaka 1837 konsuli wao wa kwanza, Richard Waters, mtu wa Salem, akafika Zanzibar. Kitambaa chao cha pamba kisichotiwa rangi kikaingia bara kwenye mabega ya wapagazi, nacho kikapata jina ambalo bado tunalo: merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowakumba Wamarekani, 1861 hadi 1865, pamba yao ikaadimika, na vitambaa vya India vikapata upenyo. Mwishoni mwa karne hiyo ya 19 Wamarekani walirudi na bidhaa nyingine: mafuta ya taa.

Hebu tazama ajabu hii. Mafuta yale yalisafiri ndani ya mabati ya galoni nne, kama lita 18 hivi. Bati likiisha mafuta halikutupwa. Likawa ndoo ya maji, likawa kipande cha paa, likawa kipimo cha mahindi. Ndilo debe! Mpaka leo, nenda mnada wa Katesh au wa Haydom, utasikia mahindi yanatajwa kwa debe, na muuzaji hana habari kwamba anatamka historia ya taa. Makopo madogo, ya maziwa na ya dawa, yaliishia kwa fundi bati, yakatoka yakiwa vibatari. Kwa hiyo kibatari kilikuwa mtoto wa takataka mbili: kopo lililokwisha na nguo iliyokwisha.

Mwenye uwezo alinunua chemli. Ile ina kioo, ina kijigurudumu cha kupandisha utambi, na utambi wake ni mkanda bapa wa pamba, umefumwa kiwandani. Duniani taa za namna hiyo zilianza kuenea tangu miaka ya 1850, baada ya Ignacy Łukasiewicz wa Poland kuwasha yake mwaka 1853. Huku kwetu chemli ilikuwa taa ya mwalimu, ya katekista, ya mwenye duka. Sisi wengine, koroboi. Ungeweza kusimama ng'ambo ya bonde usiku ukahesabu: mwanga mweupe uliotulia, hapo kuna chemli, mwekundu unaocheza, hapo kuna koroboi.

Uhuru ulipokuja tukaambiwa tutavaa pamba yetu. Kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na khanga na vitenge vya nyumbani vikapanda mpaka nyanda zetu za baridi. Huo ndio ulikuwa wakati mzuri wa utambi, nathubutu kusema. Nguo ilikuwa pamba tupu, na ikichakaa haikupotea.

Halafu ikaja miaka ile ambayo wazazi wetu hawapendi kuikumbuka. Bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena 1979, na katikati yake tukaingia vita na Idi Amin. Kufika 1983, Sokoine alipowaandama walanguzi, sabuni ilikuwa ya kutafuta, nguo ya kutafuta, mafuta ya taa ndiyo usiseme. Mama yangu anasimulia kwamba khanga iliyochakaa iligombewa na kazi tatu: kumfunga mtoto mchanga, kutia kiraka, na utambi. Mtoto alishinda. Kiraka kikafuata. Utambi ukangoja, na wanafunzi wakangoja nao. Kwenye tambarare za Basotu, ambako Wabarbaig walikuwa wamepoteza malisho yao kwa mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO, dizeli ilikuwa mafuta yaliyojulikana kila kijiji. Waliowahi kuitia kwenye koroboi wanajua matokeo: ni nzito, inapanda kwa shida, na moshi wake unafukuza watu kabla ya mbu.

Basi bajeti ya mwaka 1984 ikalegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na mitumba ikafurika. Mashati! Suruali! Kila mtu akapendeza. Ila utambi ukapata adui mpya. Shati la mtumba linaweza kuonekana pamba kumbe ni poliesta, na poliesta kwenye nyuzi joto kama 260 haiungui kistaarabu, inayeyuka. Inatengeneza donge jeusi mdomoni mwa mrija, mafuta yanazibwa, moto unadonoa na kuzima. Au donge la moto linadondoka mkekani, na hapo si mchezo tena.

Ndipo wanawake wa kijijini kwetu wakawa maabara. Mtindo ulikuwa huu: chomoa uzi mmoja kwenye pindo, uguse moto. Ukiacha jivu laini na harufu ya karatasi, hiyo ni pamba, chana. Ukijikunja ukawa kishanga kigumu, hiyo peleka ikawe kitambaa cha kudekia. Nimemwona bibi akifanya hivyo mbele ya muuza mitumba, mnadani, mchana kweupe, kwa shati ambalo hajalilipia! Yule kijana alilalamika, bibi akamjibu: "Mjukuu wangu, wewe unauza mgongo wa mtu, mimi nanunua taa."

Washkaji wa mjini mtacheka, lakini swali la bibi halijafa. Wavutaji wa sigara za umeme, wale wanaojisukia koili wenyewe, wanabishana jambo hilihili: uzi gani unywe ule majimaji haraka bila kuungua? Walianza na nyuzi za silika, ambazo ni jamii ya kioo, kisha wengi wakahamia pamba. Pamba tena! Na waliopanga geto wakapikia jiko la mafuta wanaujua ugomvi wa tambi fupi.

Kwetu, utambi umekufa taratibu. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, nguzo zikaanza kusogea. Mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili watu waache kuyachakachua kwenye dizeli. Dawa ya wachakachuaji ikamchoma mwenye koroboi. Baadaye taa za sola na tochi za simu zikamalizia kazi. Silii moshi ule, macho yangu yanaujua. Kinachonisumbua ni hesabu iliyosahauliwa: kila ukurasa uliosomwa usiku Mbulu na Hanang ulilipiwa kwa kipande cha nguo, na aliyeamua kipi kichanwe, lini, kwa ajili ya mtoto yupi, alikuwa mwanamke ambaye mara nyingi mwenyewe hakufundishwa kusoma.

Ninyi mnaotaka kuandika, msingoje mpewe mada kubwa. Wapo bado wanaoweza kuutambua uzi wa pamba kwa kuugusisha moto. Nendeni mkawaulize walichana nguo gani, na nani alisoma kwa mwanga wake.